Mchanga Uliofuliwa

Katika nyumba ya dobi siku haianzi na jogoo. Inaanza na kishindo cha mfuniko. Kila alfajiri Bibi huufunua mfuniko wa pipa la kuchemshia nguo na kuutupa chini, na mtaa mzima hujua ni saa kumi na mbili kasoro robo. Wenye saa mbovu huzirekebisha hapo hapo.

Bibi alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka thelathini na saba, na sifa yake ilikuwa weupe. Ilisimuliwa kwamba jioni moja alianika shuka nyeupe kiasi kwamba kuku wa jirani, ambao walikuwa wameshapanda kulala, waliteremka wakidhani kumekucha. Bibi mwenyewe aliikana hadithi hiyo. Alisema kuku walikuwa wawili tu.

Aliyeizusha alikuwa Babu, mumewe, mpiga pasi wa nyumba hiyo. Kwa muda mrefu pasi ya Babu haikukosea. Lakini mtoto wa jicho alipomzidi, mambo yalianza kwenda upande. Mwezi uliopita alimpigia mwalimu mkuu suruali yenye mikunjo mitatu kila mguu, na mwalimu mkuu akaivaa hivyo hivyo kwa heshima. Hapo ndipo Bibi alipotangaza kuwa imetosha. Babu alipelekwa hospitali kubwa kufanyiwa upasuaji, akabaki kwa dada yake kule kule kungoja siku ya kufunguliwa bandeji.

Nyumbani alibaki Bibi na mjukuu wao wa darasa la sita, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye kila mtu alimwita Chapu. Jina hilo alilipata kwa haki. Ukimtuma dukani akuletee chumvi, alikuwa amerudi kabla hujafunga mdomo. Tatizo ni kwamba alirudi na sukari.

Chumba cha mbele, ambamo wateja walingojea nguo zao, kilikuwa na meza ya pasi, rafu ya mafurushi, benchi moja, na tangi la samaki la kioo. Tangi lilikuwa mali ya Babu. Ndani yake waliishi samaki watano wa rangi ya machungwa. Mkubwa wao, wa mviringo na mwenye tumbo, aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu kinywa chake kilifunguka na kufungika mchana kutwa kama mtu anayehutubia mkutano. Wanne wadogo waliitwa wajumbe. Walimfuata kila aendako na walionekana kukubaliana naye kwa kila neno. Babu alisema Mwenyekiti ametawala miaka saba, na hiyo hotuba ni ile ile moja, hajaimaliza.

Asubuhi aliyoondoka, Babu alimwita Chapu mbele ya tangi. Alimwambia awape samaki chakula cha kushika kwa vidole viwili, asizidishe. Mchanga ukichafuka, mpira mwembamba wa maji aliopewa na rafiki yake Fundi Bomba ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Aufyonze uchafu wa mchanga upande mmoja tu, theluthi moja, na kwingine akuache hadi wiki nyingine.

"Jicho langu likifunguliwa," alisema, "nikifika hapa sitaki kuonyeshwa ukuta wala kalenda. Nataka kuwaona hawa kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Alikuwa amesikia kweli, lakini kwa lile sikio lililokuwa upande wa mlango, ambako wenzake walikuwa wakimngoja wacheze.

Siku nne zikapita salama. Ijumaa akaja rafiki yake wa darasani, binti wa muuza viatu, kuchukua nguo za mama yake. Bibi alipokuwa akilitafuta furushi, binti huyo aliinama mbele ya tangi, akabana pua ingawa hakukuwa na harufu yoyote.

"Hivi hapa si kwa dobi?" aliuliza. "Mbona mchanga wenu una rangi ya soksi za kaka yangu?"

"Samaki hawavai soksi," alisema Chapu.

"Hawavai. Wanalalia."

Chapu alicheka, lakini rafiki yake alipoondoka alirudi mbele ya kioo akaangalia vizuri. Ilikuwa kweli. Mchanga ulikuwa umefifia, na katikati ya punje zake kulikuwa na vijitakataka vya kahawia. Akamfikiria Babu, jicho lake jipya limefunguka, na kitu cha kwanza anachokiona ni soksi. Usiku ule alilala akiwa ameshakata shauri. Angemwandalia Babu mchanga mweupe kuliko shuka yoyote iliyowahi kutoka katika nyumba ile.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Bibi alipakia shuka za nyumba ya wageni kwenye mkokoteni akaondoka, akasema atarudi mchana. Chapu aliungoja mlio wa magurudumu uishe. Akautoa mpira kwenye msumari, akautazama, akautundika tena. Mpira ungemchukua nusu saa nzima kusafisha theluthi moja, na Chapu hakuumbwa kwa mambo ya theluthi.

Zaidi ya hayo, mjukuu wa dobi anahitaji mpira wa nini? Kanuni ya kufua aliijua kabla ya kujua irabu: loweka, chemsha, sugua, ng'arisha, suuza, tia buluu, anika. Haijapata kutokea nguo ikaishinda kanuni hiyo. Mchanga ni nani?

Akawavua samaki kwa kichungio cha chai na kuwatia kwenye beseni la maji ya bomba. Maji yale yalitoka na ile harufu kali kidogo ya dawa inayotiwa kule yanakosafishiwa. Akamwaga maji ya tangi uani, ndoo baada ya ndoo. Akachota mchanga wote hadi kioo kikabaki kitupu. Kichujio cha tangi kilikuwa na sponji nyeusi, yenye utelezi na harufu ya dimbwi. Aliigusa kwa ncha za vidole, akatetemeka, akaitumbukiza katika ndoo ya mwisho ya maji ya zamani, iliyokuwa na makonzi mawili ya mchanga yaliyotuama ndani yake. Hiyo ndoo akaisukuma chini ya meza ya pasi. Ingesubiri.

Kisha akafua. Aliuchemsha mchanga kwa sabuni ya unga, akiukoroga kwa mti wa kukorogea shuka. Akautia dawa ya kung'arisha, ile ambayo Bibi huipima kwa kifuniko, lakini yeye aliipima kwa jicho. Akausuuza mara moja, mbili, tatu. Maji ya tatu yalikuwa bado na utelezi kidogo kwenye vidole. Bibi angesuuza ya nne na ya tano, lakini jua lilikuwa linapanda. Akatia buluu tone moja, akauanika juu ya shuka kuukuu. Wakati ukikauka, alisugua kioo cha tangi kwa sabuni ile ile.

Ilipofika saa saba alikuwa amemaliza. Mchanga ulikuwa chini ya maji mapya, mweupe kiasi kwamba mtu angeweza kusomea gazeti kwa mwanga wake. Akawarudisha samaki, akaiwasha mashine ndogo ya hewa, akaketi kwenye benchi kama mteja, kuitazama kazi yake.

Kwanza aliona povu. Lilikuwa utepe mwembamba tu, ukizunguka ukingo wa kioo. Halafu akaona kwamba wajumbe hawakumfuata tena Mwenyekiti. Kila mmoja alikuwa kwenye kona yake. Mmoja alianza kulalia ubavu, akajiweka sawa, akalala tena. Mwenyekiti mwenyewe alipanda juu, akatoa mdomo nje ya maji, akaanza kuhema. Haikuwa hotuba tena. Alikuwa anaomba.

Chapu alisimama. Akanusa vidole vyake. Vilinuka dawa ya kung'arisha. Alijua. Kabla hajamwambia mtu, kabla hajaulizwa, alijua.

Magurudumu ya mkokoteni yakasikika uani. Bibi aliingia akijifuta jasho, na nyuma yake muuguzi wa zahanati aliyefuata aproni zake, pamoja na dereva mmoja mwenye mashati mawili. Bibi akalitazama tangi, akaja karibu.

"Hawa wana nini?"

Maneno ya kweli yalikuwa tayari mdomoni mwa Chapu. Yalikuwa matatu tu: nimeufua mchanga, Bibi. Lakini muuguzi alikuwa anatazama, dereva alikuwa anatazama, na Bibi alikuwa anangoja.

"Labda ni maji, Bibi," alisema. "Niliusuuza mchanga kidogo, nikatia maji ya bomba. Tangu bomba litengenezwe yana harufu."

Aliichagua *labda* kwa makusudi. Aliona kwamba mtu akisema *labda* hajadanganya hasa, ameacha mlango wazi tu. Lakini Bibi alipita katika mlango huo moja kwa moja. Bomba lilikuwa limetengenezwa Alhamisi, siku mbili zilizopita, na aliyelitengeneza alikuwa Fundi Bomba, rafiki wa Babu, aliyeishi nyumba ya tatu. Bibi akatuma aitwe. Pia akazima moto wa pipa, kwa sababu maji yanayoua samaki hayawezi kufulia aproni za zahanati. Kazi ya nyumba nzima ikasimama.

Fundi Bomba alikuja na mfuko wake wa zana, magoti ya suruali yakiwa na viraka juu ya viraka. Hakujua ameitiwa nini, kwa hiyo aliingia akitania kwamba amesikia harufu ya chai. Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Fundi," alisema, "umenilazia bomba au umenilazia msiba?"

Akamwonyesha tangi. Akamwambia, mbele ya wateja, kwamba mzee yuko na bandeji usoni akiwangoja hawa samaki, na kwamba kazi ya harakaharaka inaua. Chapu alikuwa amesimama nyuma ya rafu. Hilo neno *harakaharaka* lilimpiga yeye, ingawa lilikuwa limerushwa kwa mtu mwingine.

Fundi Bomba hakujibu kwa hasira. Aliomba kikombe, akakinga maji kwenye bomba la uani, akayanywa yote, akasimama kimya kama anayengoja basi. Muuguzi alitazama saa yake, akasema kwa kadiri anavyoona fundi yu hai. Dereva akacheka kidogo. Lakini Fundi Bomba mwenyewe hakuridhika.

"Mimi ni mtu mzima, mama," alimwambia Bibi. "Samaki ana mwili wa kidole. Huenda ni gundi ya viungo, haikukauka sawasawa. Kazi ya mkono wa mtu haikosi kukosea. Nitachimbua niangalie."

Akashauri samaki waachwe pale pale walipo, yasitiwe maji mengine ya bomba hadi atakapojua. Kwa alichoambiwa, ulikuwa ushauri mzuri. Kwa ukweli ulivyokuwa, aliwaacha katika sabuni.

Wateja waliambiwa warudi Jumatatu. Fundi Bomba akachukua sururu, akaanza kufukua mtaro aliokuwa ameufukia kwa mikono yake juzi. Jua la saa tisa lilimkaa mgongoni. Udongo ulikuwa umeshashindiliwa, na kila pigo la sururu Chapu alilisikia kifuani. Alijaribu kukaa ndani, lakini ndani kulikuwa na samaki. Akatoka nje, na nje kulikuwa na fundi. Mwishowe akampelekea maji ya kunywa, kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini.

Fundi Bomba alipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu. Wewe una moyo," alisema. Akanywa, akapangusa midomo. "Unajua babu yako ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza? Nilikuwa sijui hata kushika spana, nikamfurikishia nyumba nzima. Akawaambia watu amejengewa bwawa la kuogelea. Nikimuulia samaki wake, sijui nitamtazamaje."

Chapu alificha mikono yake nyuma. Ilikuwa bado inanuka.

Aliporudi ndani, mjumbe mmoja alikuwa amelala juu ya mchanga mweupe. Hakujiweka sawa tena. Chapu alikigonga kioo kwa ukucha, taratibu, kisha kwa nguvu. Mjumbe aliyumba na maji, akatulia. Mwenyekiti alikuwa bado juu, anahema, lakini polepole kuliko mwanzo.

Nje sururu ilipiga. Ikapiga tena. Hapo Chapu aliona jambo zima kwa mara moja: fundi anachimba mahali pasipo na kosa, na kila dakika anayochimba, samaki wanabaki katika kosa lenyewe. Waliokuwa wanasubiri ni hawa, na aliyewasubirisha ni yeye.

Akatoka mbio. Bibi alikuwa kando ya mtaro, amelishika bomba lililokwisha kufukuliwa.

"Fundi, acha," alisema Chapu. "Bomba halina kosa. Ni mimi. Niliufua mchanga."

Sururu ilibaki hewani. Bibi akaliachia bomba.

"Uliufua?"

"Kama nguo, Bibi. Nilitaka Babu auone mweupe."

Chapu alingoja kofi. Aliyesema alikuwa Fundi Bomba, naye hakukemea. Aliitupa sururu, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Uliutia nini? Sema vyote, usiruke kimoja. Nisipojua kimoja, nitakosea hicho hicho."

Chapu akasema. Sabuni ya unga, maji ya moto, dawa ya kung'arisha, kiasi gani hajui, buluu tone moja, na kioo nacho kwa sabuni. Kila kitu alichokitaja kilikuwa kizito kukitoa, lakini kikishatoka, kilichofuata kilikuwa chepesi kidogo.

Fundi Bomba alikuwa ameshafika ndani. Aliuliza kama kuna maji yaliyokaa wazi tangu jana. Bibi akakumbuka maji ya pasi: kila Alhamisi hujaza pipa dogo na kuliacha wazi, kwa sababu maji yaliyotulia hayaachi alama kwenye kola. Hayo ndiyo yaliyotakiwa. Yakikaa wazi siku moja au mbili, ile dawa ya kusafishia maji hupotea hewani, na ujoto wake unakuwa sawa na wa chumba, samaki asishtuke.

"Na maji ya zamani ya tangi? Uliyamwaga yote?"

"Iko ndoo moja," alisema Chapu kwa aibu. "Lakini imo sponji chafu. Sikuifua. Ilinikinaisha."

Fundi Bomba alipiga goti chini ya meza ya pasi, akaivuta ile ndoo kama mtu aliyevuta sanduku la hazina. Aliikumbatia kabisa. Akamwaga maji ya ndoo katika beseni safi lisilowahi kuguswa na sabuni, akaongeza ya pasi nusu kwa nusu, akatia mashine ya hewa na kichujio chenye ile sponji, na yale makonzi mawili ya mchanga uliofifia. Halafu akawahamisha samaki wanne waliobaki, mmoja mmoja.

Bibi alishindwa kuvumilia. Miaka thelathini na saba ya weupe ilikuwa inamtazama.

"Fundi, huo uchafu unarudi kwenye maji?"

"Huu si uchafu, mama. Humu wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wamejishika kwenye sponji na kwenye kila punje ya mchanga. Samaki anachafua maji, wao wanayasafisha. Hao ndio madobi wa humu ndani." Akamtazama Chapu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, pembe ya mdomo wake ikatikisika. "Mjukuu wako amewachemsha madobi wenzake."

Bibi aligeuka ukutani. Mabega yake yalitetemeka. Chapu alidhani analia, kumbe sivyo. Lakini alipogeuka tena uso wake ulikuwa umekaza.

"Samaki tumewashughulikia," alisema. "Sasa kuna fundi. Nimemtukana mbele za watu kwa neno lako."

Chapu alimwomba msamaha Fundi Bomba pale pale, na fundi akamwambia yamekwisha. Bibi akasema hayajakwisha.

"Doa hufuliwa pale lilipoonekana. Lilionekana mbele ya muuguzi na dereva. Jumatatu wakija, utalitoa mbele yao."

Mchana uliobakia, Chapu aliufukia mtaro. Alikataa kusaidiwa, na Fundi Bomba, ambaye alielewa, alikaa juu ya ndoo akimwelekeza jinsi ya kushindilia udongo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Chapu alifanya kazi polepole. Malengelenge yalimtoka viganjani, na hakuyataja.

Jumapili asubuhi mjumbe wa pili alifariki. Sabuni ilikuwa imeshamwingia mno. Wakawazika wawili hao chini ya kamba ya nguo. Bibi aliacha kuanika upande ule siku nzima.

Jumatatu muuguzi alipoingia kuchukua aproni zake, na dereva nyuma yake, Chapu alikuwa anangoja karibu na mlango. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, yakamtoka machache. Alisema fundi hakuharibu maji, yeye ndiye aliyeharibu, na alidanganya. Dereva alikohoa, akatazama viatu vyake. Muuguzi alisema kazini kwake mtu akimpa mgonjwa dawa isiyo sahihi, jambo la hatari zaidi si dawa. Ni kunyamaza. Halafu akachukua aproni zake, akalipa, akaondoka. Chapu alibaki na uso wa moto, akampa dereva mashati yake mawili.

Ule mchanga uliofuliwa hakuna aliyethubutu kuurudisha kwenye maji. Bibi aliuweka kwenye kopo la kusugulia sufuria, na sufuria za nyumba ile, wanasema, zilianza kutumika kama vioo vya kujitazamia. Fundi Bomba alileta mchanga mpya. Chapu aliusuuza mara tisa kwa maji matupu, bila sabuni hata chembe, mpaka maji yakatoka jinsi yalivyoingia. Tangi nalo lilisuuzwa hadi kidole kikipita, kioo kinalia. Kisha maji yaliyotulia, sponji ile ile mahali pake, makonzi mawili ya mchanga wa zamani yakachanganywa na mpya, na samaki watatu.

Jumatano Babu akarudi, amevaa miwani nyeusi. Bibi alimshika mkono hadi kwenye benchi, akamketisha mbele ya tangi, kisha akaenda uani kupanga nguo ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Chapu alibaki naye.

Babu alivua miwani. Akakaribia kioo hadi pua ikagusa. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Mwenyekiti amezeeka," alisema. "Nilikuwa simwoni, kumbe na yeye ana makunyanzi." Akahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Akahesabu tena. "Wajumbe wawili wamejiuzulu?"

Angeweza kusema ndiyo, na Babu angecheka. Chapu alikaa sakafuni, akamweleza yote: soksi, kanuni ya kufua, *labda*, mtaro wa fundi, mjumbe aliyelala wakati sururu inapiga. Hakuruka kimoja.

Babu alisikiliza akiwatazama samaki. Chapu alipomaliza, Babu alinyoosha mkono, akamgusa kichwani.

"Ulitaka nione kitu kizuri," alisema. "Hilo ninalijua. Mimi mwenyewe nimewahi kuunguza gauni la harusi nikitaka liwe zuri zaidi. Kosa la mkono halinitishi, kwa sababu mkono hufundishika. Lakini ona uongo ulivyo. Ni kama sabuni katika mchanga. Juu panameremeta, kila mtu anasifu, na chini yake aliye hai hapati pumzi. Na huwezi kuuosha kwa kunyamaza. Ni mpaka uutoe wote, punje kwa punje, mbele za watu."

Chapu aliitikia kwa kichwa.

"Basi lete mpira," alisema Babu. "Mchanga huu bado haujachafuka, lakini nataka kuona kama sikio la upande wa mlango limehamia ndani."

Chapu akautoa kwenye msumari. Akazima mashine. Akanawa mikono kwa maji peke yake. Hakuuvuta mpira kwa mdomo, aliujaza maji kwanza, akaziba ncha mbili kwa vidole gumba, akazamisha moja ndani ya tangi na nyingine akaielekeza kwenye ndoo chini. Alipoachia, maji yakaanza kutiririka yenyewe. Akaichomeka ncha kwenye mchanga, akainyanyua kidogo. Punje zilipanda ndani ya mpira zikicheza, zikarudi chini kwa uzito wake, na vijitakataka vyepesi vikaenda na maji. Akasogea hatua ya kidole. Akachomeka tena. Alipofika theluthi akasimama, ingawa mkono ulitamani kuendelea, akarudishia maji ya pasi yaliyotulia, kikombe baada ya kikombe.

Ilichukua nusu saa nzima. Bibi alikuwa amerudi mlangoni kimya, na Fundi Bomba, aliyekuja kumsalimu rafiki yake, alikuwa nyuma yake amebeba sahani ya maandazi. Hakuna aliyemharakisha.

Mwenyekiti alikuja mbele ya kioo, wajumbe wawili nyuma yake. Akafungua kinywa, akakifumba, akakifungua.

"Anasemaje?" aliuliza Bibi.

Babu akavaa miwani yake.

"Anaendelea pale alipoishia."